Kipimo cha Saa Moja

Mwanadamu huchukia kupunjwa, lakini aghalabu huona uvivu kupima. Kwa sababu hiyo magomvi ya sokoni ni mengi na hukumu za haki ni chache. Zamani mnunuzi wa mchele katika pwani ya Afrika Mashariki alijua kuwa pishi moja ni vibaba vinne, na kama alishuku mkono wa muuzaji aliweza kudai kibaba kijazwe tena mbele ya macho yake. Mchele huonekana, hushikika, na ukimwagika huokoteka. Umeme hauna tabia hiyo. Huingia katika simu bila ya rangi wala uzito, na mnunuzi wake hana cha kushika mkononi ila tarakimu ndogo katika pembe ya kioo, isemayo ni asilimia ngapi iliyopatikana. Kwa ajili ya tarakimu hiyo, mwaka 2025, watu wawili wa kijiji kimoja cha wavuvi katika pwani ya Tanga walikaribia kuvunjiana heshima.

Mmoja wao alikuwa mjane mwenye kibanda kando ya barabara, mahali ambapo nguzo za umeme zimepita lakini nyaya zake hazijafika kila nyumba. Juu ya bati la kibanda alikuwa na paneli moja ya sola, na chini ya meza betri kubwa iliyohifadhi nguvu ya jua. Kwa shilingi 500 alichaji simu ya mtu kwa saa moja. Kazi hii ilimlisha yeye na wajukuu wawili, na mtaji wake mkubwa haukuwa paneli wala betri, bali jina jema. Juu ya mlango palikuwa na ubao ulioandikwa kwa rangi nyekundu: CHAJI YA HARAKA. Maneno hayo aliyaandikisha kwa sababu kibanda cha ng'ambo ya barabara kilikuwa nayo, naye hakutaka kuonekana amebaki nyuma.

Wa pili alikuwa mchuuzi wa samaki. Alikuwa amenunua simujanja mpya baada ya kudunduliza kwa miezi mingi. Kasha lake lilisifu chaja ya wati 33, na muuzaji wa dukani alimwambia kuwa simu hiyo hujaa kwa saa moja. Asubuhi moja aliiacha kibandani ikiwa na asilimia 8, akarudi saa moja baadaye, akaikuta na asilimia 26. Hakuwa na nafasi ya kubishana, maana mashua zilikuwa zinaingia. Aliitumia kuuliza bei katika masoko mengine na kuwaita wachukuzi, na kabla ya alasiri ikazimika. Saa ile ile mnunuzi wa mjini, mwenye gari la barafu, alikuwa njia panda akimpigia ili ajue kama akate kona au apite. Hakujibiwa, akapita. Samaki waliokuwa mali asubuhi wakawa mzigo jioni, wakauzwa kwa bei ya kuwaondoa tu.

Alikwenda kibandani magharibi akiwa na uchungu wa hasara.

"Mama, umenipunja," alisema mbele ya watu. "Nimelipa saa nzima, robo sikuipata."

"Mwanangu," alijibu mjane, "mkono wangu haujala cha mtu. Saa uliyolipa ndiyo niliyokupa."

Wote wawili walisema kweli, na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu ya shauri lao. Neno lililotamkwa mbele ya watu, hata hivyo, halirudi kinywani. Katika wiki iliyofuata wateja wa mjane walipungua. Wengine walivuka barabara bila ya kumtazama, na yeye, aliyekuwa akiitikia salamu mia kwa siku, alianza kuinamisha kichwa.

Shauri lilipelekwa kwa mzee mmoja aliyekuwa sonara mjini Tanga kabla ya kurudi kijijini kupumzika. Mzee huyu hakuwa na elimu ya umeme. Lakini kwa miaka mingi alikuwa amepima dhahabu kwa tola, na tola moja ni gramu 11.66 tu, uzito ambao kosa dogo ndani yake ni fedha nyingi. Walimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akawasikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza nani mwongo. Aliuliza maswali matatu: kilichouzwa ni nini, kilipimwa kwa mizani gani, na mizani yenyewe nani aliyeikagua? Hapana aliyeweza kujibu hata moja. Ndipo aliposema kuwa hawezi kuhukumu kitu kisichopimwa, akamwita mjukuu wake, binti aliyekuwa likizoni kutoka chuoni, ambako alisomea ufundi wa umeme.

Binti alianza kwa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Wati, alieleza, ni mwendo, na wati-saa ni kiasi. Wati ni kama nguvu ya maji yatokayo bombani; wati-saa ni ndoo zilizokwisha kujaa. Betri ya simu ile iliandikwa miliampea-saa 5,000 na volti 3.85. Ukizidisha namba hizo hupata wati-saa 19.25, na huo ndio ukubwa wa mtungi wenyewe. Kama wati 33 zingemiminika bila ya kupungua wala kupotea, mtungi ungejaa kwa dakika 35. Kasha lilidokeza dakika 35, muuzaji aliahidi dakika 60, na mchuuzi aliona saa nzima ikileta asilimia 18. Katika habari tatu zisizopatana, iliyobaki ni kupima.

Mzee alipendezwa kusikia kuwa vipimo hivi vimebeba majina ya watu: wati kutokana na James Watt wa Uskoti, ampea kutokana na André-Marie Ampère wa Ufaransa, na volti kutokana na Alessandro Volta wa Italia, aliyetengeneza betri ya kwanza mwaka 1800. Alisema kuwa mtu akitoa jina lake liwe kipimo, wanaolitumia wana deni la kulilinda.

Wakaweka masharti. Simu ingeanza kila mara na asilimia 5. Ingevuliwa kifuko chake kinene, ingewekwa kivulini, na kioo chake kingezimwa, maana simu inayochajiwa huku ikitumika ni mtungi unaojazwa huku unatekwa. Mita ndogo ya umeme, ambayo binti aliitumia katika mafunzo yake, ingekaa kati ya kichwa cha chaja na waya. Kila baada ya dakika 10 namba zingeandikwa katika daftari, mjane na mchuuzi wakiwapo. Kila jaribio lingefanywa mara mbili katika siku mbalimbali, kwa kuwa sonara hapimi mara moja.

Jaribio la kwanza lilifanywa nyumbani kwa mzee, ambako umeme wa gridi umefika, kwa chaja iliyotoka katika kasha la simu yenyewe. Mwendo wake ulikuwa wa kusifika. Katika dakika 10 simu ilifika asilimia 20. Katika dakika 20, asilimia 35. Katika dakika 30, asilimia 50. Uso wa mchuuzi ulikunjuka. Lakini baada ya hapo farasi alianza kuchoka. Dakika ya 40 ilileta 64, ya 50 ikaleta 77, na saa moja ilipotimia palikuwa na 88. Dakika 10 nyingine zikaleta 7 tu. Asilimia 100 ilionekana katika dakika ya 82, na hata hapo mita iliendelea kuonyesha umeme kidogo ukiingia kwa muda wa robo saa, kana kwamba simu ilijitangaza imeshiba kabla ya kunawa mikono.

Wati nazo zilikuwa na habari yake. Namba 33 haikuonekana hata mara moja. Mita ilipanda mpaka wati 29 kwa muda mfupi, ikashuka ikacheza karibu na 20 simu ilipopata joto, ikapungua chini ya 15 asilimia 80 ilipopita, na mwishoni ikatambaa katika wati 3. Jumla iliyopita katika waya ilikuwa wati-saa 21, ilhali betri ilipokea kama 18.3. Nyingine zilitumiwa na simu yenyewe au zilipotea kuwa joto. Mzee hakushangaa. Dhahabu nayo, alisema, huacha vumbi chini ya tupa, na sonara asiyelihesabu vumbi hilo hujidanganya mwenyewe.

Mchuuzi aliuliza kwa nini nusu ya kwanza iende mbio na nusu ya pili ijikokote. Je, kiwanda kimetega mtego? Binti alijibu kuwa si mtego, ni tabia ya betri ya lithiamu. Chembe za lithiamu zenye chaji ya umeme huondoka upande mmoja wa betri, huogelea katika kimiminika, na kuingia katika tabaka za grafiti upande wa pili. Mwanzoni nafasi ni nyingi na chaja husukuma kwa nguvu. Volti ya betri hupanda kidogo kidogo mpaka kikomo chake, ambacho katika betri nyingi za namna hii ni 4.2, na katika nyingi za simu mpya huzidi hapo kidogo. Kikomo kikifikiwa, chaja hushika volti mahali pamoja na kuacha mkondo upungue wenyewe. Chembe zikilazimishwa kwa pupa, hukosa njia ya kuingia, zikajibandika juu ya grafiti kama madini, na betri ikaharibika na hata kuwa hatari. Joto kali nalo hufupisha maisha yake, ndiyo maana simu yenyewe hupunguza mwendo ikiona inapata moto.

Mjane alilifahamu jambo hili kwa upesi kuliko wote, kwa kuwa alikulia katika mashamba ya karafuu huko Pemba. Gunia, alisema, pishi za kwanza humiminwa tu. Za mwisho hutikiswa, hushindiliwa na kupangwa kwa mkono, na mwenye haraka hupasua gunia.

Hekima hiyo ya gunia iliwachukua wataalamu miaka mingi kuitia katika betri. M. Stanley Whittingham aliifungua njia katika miaka ya 1970, John B. Goodenough, akiwa Oxford, alipata mwaka 1980 madini ya kobalti yaliyoipa betri volti kubwa zaidi. Akira Yoshino wa Japani akatengeneza mwaka 1985 mfano uliofaa kutumika kwa salama. Kampuni ya Sony ilianza kuziuza mwaka 1991, na mwaka 2019 mabwana hao watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia, Goodenough akiwa na umri wa miaka 97. Watu waliongoja namna hiyo hawakuandika neno haraka juu ya kazi yao. Neno hilo liliongezwa na wauzaji.

Jaribio la pili lilikuwa ndilo lenye kuogopwa, maana lilikuwa la kibanda. Mjane alitoa tundu lake la sola na waya wake kama alivyovitumia siku zote. Juu ya tundu paliandikwa volti 5, ampea 2, yaani wati 10, na yeye aliamini kwa moyo safi kwamba hizo ndizo alizouza. Mita ilisema vingine. Ampea hazikufika hata moja, zilikuwa 0.9, yaani wati 4.5. Saa moja ilipotimia, simu iliyoanza na asilimia 5 ilikuwa na 25. Mchuuzi hakusema kitu, lakini watu walimtazama mjane, na mjane alitazama chini.

Binti akaomba jaribio la tatu. Aliacha tundu lile lile, jua lile lile na simu ile ile, akabadili waya tu. Ule wa zamani ulikuwa mrefu na mwembamba, umekunjwa mara nyingi karibu na shingo. Alitia mpya, mfupi na mnene kidogo. Mita ikapanda mpaka ampea 1.8, na baada ya saa moja simu ilikuwa na asilimia 46. Waya mwembamba, alieleza, huupinga mkondo, na kadiri mkondo unavyozidi ndivyo volti zinavyopotea njiani. Simu ikiona volti zimeanguka hupunguza yenyewe kiasi inachovuta. Kwa macho, nyaya mbili zile zilifanana. Siku hizi kufanana huko kumezidi. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 Umoja wa Ulaya umeamuru simu mpya zinazouzwa huko ziwe na tundu la namna moja, USB-C, nalo limeenea kila mahali. Ni jambo jema, lakini tundu kuwa moja si mwendo kuwa mmoja. Waya wa namna hiyo waweza kupitisha wati chache au wati 240, na umbo la kichwa chake lisikuambie.

Majaribio yote yaliporudiwa na daftari kulingana, mzee aliwakalisha barazani akatoa hukumu yake.

"Katika jambo hili hapana mwizi," alisema, "lakini kuna aliyeibiwa."

Mchuuzi, alifafanua, alikosa pale alipomwita mama wa watu mpunjaji bila ya ushahidi, na pale alipodhani kuwa sifa ya kasha humfuata popote, ilhali chaja yenye sifa hiyo aliiacha nyumbani. Hata kama angeichukua, ahadi ya muuzaji wa duka isingetimia, kwa kuwa saa moja ilileta 88 wala si 100. Mjane naye hakupunja kwa nia. Mkono wake ulikuwa safi kama alivyosema. Lakini aliuza wati 10 akatoa 4.5, na juu ya mlango wake aliandika neno ambalo hakulijaribu hata siku moja.

Mjane alijitetea kidogo. Kosa, alisema, lilikuwa la waya.

"Mwanangu," mzee alimjibu kwa upole, "waya hauendi kwa kadhi."

Alinyamaza kwa muda. Ingekuwa rahisi kwake kusimama hapo, maana nusu ya hukumu ilikuwa imemsafisha, na watu wengi huichukua nusu hiyo wakaenda nayo nyumbani. Yeye alifungua pindo la khanga, akatoa shilingi 500, akamrudishia mchuuzi mbele ya wale wale waliosikia akiitwa mpunjaji. Mchuuzi alikataa, akasihiwa, akapokea. Kisha akasimama akasema kwa sauti ya kusikika kuwa neno alilolitamka siku ile amelifuta, na kwamba amwie radhi kama mama yake. Hasara ya samaki hakuna aliyeirudisha. Hasara nyingine hazina mdaiwa, na mtu mzima hujifunza kuzibeba bila ya kumtafutia kila moja shingo ya kuitundika.

Siku ya pili yake nyaya zote za kibandani zilibadilishwa, kwa fedha iliyokuwa imewekwa kwa jambo jingine. Ubao mwekundu uliteremshwa. Badala yake paliandikwa kwa chaki, kwa mkono wa mmojawapo wa wajukuu: Saa moja, simu kubwa, kama 40 katika 100. Leta saa yako. Maneno hayo hayakuvutia kama yale ya kwanza. Ng'ambo ya barabara neno HARAKA liliendelea kung'aa, na baadhi ya watu waliendelea kulifuata, maana ahadi kubwa isiyopimwa hupendeza kuliko ahadi ndogo iliyopimwa. Wengine walirudi taratibu. Mchuuzi alikuwa mmoja wao. Siku za mnunuzi wa barafu alifika mapema, akalipa saa mbili, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa mpaka zikatimia.

Zama hizi zimejaa namba zilizoandikwa na wenye kuuza, na msomi mara nyingi huzipokea kama mchuuzi alivyolipokea kasha lake. Kuzikanusha zote ni ujinga, kwa kuwa nusu ya kwanza ya ahadi ile ilikuwa kweli tupu: asilimia 50 katika nusu saa zilionekana kwa macho. Kuzisadiki zote ni ujinga pia, kwa kuwa ukweli wa nusu ya kwanza ulitumiwa kuuzia nusu ya pili. Kati ya kukanusha na kusadiki pana kazi ndogo isiyo na fahari, yaani kukaa kivulini na saa na daftari, na kuandika kinachoonekana, hata kikiwa dhidi yetu wenyewe. Ilimpasa sonara mzee awafundishe watu wa umeme kazi hiyo, na haikumgharimu mjane ila nyaya chache, ubao mmoja na shilingi 500.